Wema wa Mungu unamfikia mtu kwa njia gani? Tumtazame Yeremia shimoni na Mkushi aliyemtoa

Bwana Yesu asifiwe wana jukwaa. Na ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Uzi huu ni mrefu kidogo, tuvumiliane.

Kuna swali linarudi kila mara humu: "Naomba, nafunga, mbona sioni wema wa Mungu?" Majibu anayopewa muulizaji huwa ni mawili. Ama imani yako haitoshi, ama hujapanda mbegu, yaani hujatoa sadaka. Yote mawili yananiuma, kwa sababu yanamwacha mtu akikodolea macho mbinguni, asubiri kitu kidondoke, na kisipodondoka ajilaumu.

Ninavyosoma Maandiko, Mungu amependa wema wake upite mikononi mwa watu. Angeweza kutenda bila mikono hiyo, na mara nyingine hutenda. Lakini njia yake ya kila siku ni mtu kumfikia mtu, na mara nyingi mkono unaokuja ni wa yule ambaye hatukumtarajia.

Fungueni Yeremia 38. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, mfalme ni Sedekia, mkate unaelekea kwisha mjini. Yeremia anawaambia watu wazi kwamba mji utatwaliwa, na atakayetoka kwenda kwa Wakaldayo, yaani hao Wababeli, ataishi. Wakuu wanamwendea mfalme: mtu huyu anawalegeza askari mikono, auawe. Sedekia anawajibu kwamba yumo mikononi mwenu, mfalme hana la kufanya kuwapinga. Wanamchukua nabii, wanamshusha kwa kamba katika shimo la Malkiya, uani pa walinzi. Shimo halina maji, lina matope. Yeremia anazama katika matope.

Mtu huyu alikuwa na ahadi. Siku alipoitwa, sura ya kwanza kabisa, Mungu alimwambia watapigana nawe lakini hawatakushinda, maana mimi nipo pamoja nawe nikuokoe. Danieli katika tundu la simba alitumiwa malaika. Petro gerezani alitumiwa malaika. Yeremia, mwenye ahadi mkononi, alitumiwa nani?

Alitumiwa Ebedmeleki. Mkushi, mtu wa kusini mwa Misri, mtumishi wa nyumba ya mfalme. Biblia yetu inamwita towashi, na kwa sheria ya Kumbukumbu la Torati 23 mtu wa namna hiyo hakuruhusiwa kuingia katika kusanyiko la Bwana. Mgeni, tena wa kuwekwa pembeni. Huyo ndiye aliyesikia kwamba nabii yuko shimoni, akatoka ikulu, akamfuata mfalme langoni pa Benyamini, mahali pa watu, akamwambia waziwazi kwamba wale wakuu wametenda vibaya na mtu yule atakufa kwa njaa. Mfalme yule yule aliyekuwa hana la kufanya akampa watu 30 wakamtoe.

Hapa naomba msome polepole. Ebedmeleki hakukimbilia shimoni na kamba tu. Alipita kwanza mahali fulani chini ya hazina ya mfalme, akachukua matambara na nguo kuukuu zilizochakaa, akamteremshia Yeremia kwa kamba, akamwambia aziweke chini ya makwapa yake, kamba zipite juu yake.

Fikirieni. Mtu ana njaa, mwili umelowa matope, miguu imenasa. Mkimvuta kwa kamba tupu mtamtoa, ndiyo, lakini mtamchuna. Ebedmeleki aliwaza makwapa ya mtu mwingine. Mji unakaribia kuanguka, wakuu wana hasira, kila dakika ni hatari kwake mwenyewe, naye anatafuta matambara.

Katika aya hizo zote hamtakuta "Bwana akamwambia Ebedmeleki". Hakuna ndoto wala sauti. Ukisoma haraka utasema Mungu hakuwepo. Mpaka sura ya 39, ndipo Mungu anamtuma Yeremia ampelekee Ebedmeleki ujumbe: siku mji utakapoanguka nitakuokoa, kwa sababu umenitumaini mimi. Kumbe wakati wote ule Mungu alikuwa anayaona yale matambara, na aliyahesabu kuwa ni imani.

Jambo lingine watu hulirukaruka. Yeremia hakurudi nyumbani baada ya pale. Alibaki uani pa walinzi, bado mfungwa, hadi mji ulipotwaliwa. Kabla ya shimo, sura ya 37, mfalme alikuwa ameagiza apewe mkate mmoja kila siku kutoka njia ya waokaji, mpaka mkate ulipokwisha mjini kote. Mkate mmoja kwa siku na matambara ya makwapa. Ahadi ya "nipo pamoja nawe" ilimfikia katika vitu hivyo. Kama tumefundishwa kwamba wema wa Mungu ni gari na kiwanja peke yake, tutaupita wa Yeremia bila kuutambua.

Waalimu wa Kanisa waliliona hili zamani. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, anapoeleza maongozi ya Mungu anasema Mungu huwatumia viumbe wake kati yake na matokeo, na hafanyi hivyo kwa kupungukiwa uwezo. Ni kwa wingi wa wema wake, ili viumbe nao wapewe heshima ya kuwa sababu ya kitu chema. Mimi naliona hilo ni jambo kubwa sana. Mungu angeweza kukupa chakula yeye mwenyewe, akaamua jirani yako naye apate heshima ya kukupa.

Martin Luther, mwanamageuzi wa Ujerumani, katika Katekisimu Kubwa ya 1529 (kitabu cha mafundisho ya imani) anasema viumbe ni mikono na mifereji ambayo Mungu hupitishia mema yote, na mfano anaoutoa ni maziwa ya mama kwa mtoto mchanga. Wenzangu wa KKKT, Kanisa la Kilutheri Tanzania, mliopita kipaimara mnakumbuka maelezo ya "mkate wetu wa kila siku" katika Katekisimu Ndogo. Orodha ile haiishii kwenye chakula na mavazi. Ina serikali njema, ina hali ya hewa nzuri, na ina majirani waaminifu. Kwa hiyo unaposali Baba Yetu asubuhi unaomba jirani mwaminifu. Na yupo mwingine mtaani anayesali sala hiyo hiyo, na huenda jibu la sala yake ni wewe.

Mfano mwingine, wa hapa hapa Afrika. Mwaka 312 hivi, kijana mmoja wa Misri ya Juu aitwaye Pakomi alikamatwa kwa nguvu aingizwe katika jeshi la Roma. Hakuwa Mkristo. Makuruta walipelekwa kwa mashua, na walipofika Thebe, mji unaoitwa Luxor leo, walifungiwa usiku ili wasitoroke. Usiku huo watu wa mjini wakaja na chakula na vinywaji. Pakomi akauliza hawa ni nani, mbona hawatujui na wanatutendea hivi? Akaambiwa ni Wakristo, watu wanaowatendea wema wote kwa ajili ya Mungu wa mbinguni. Akajitenga pembeni, akamwomba huyo Mungu asiyemjua: ukinitoa hapa nitawatumikia wanadamu siku zangu zote.

Vita vilikwisha, kijana akaachiwa, akabatizwa, akafundishwa maisha ya sala na mzee Palamoni. Baadaye alianzisha Tabenesi, ambako watawa waliishi pamoja kwa kanuni moja, wakifanya kazi na kulishana, badala ya kila mmoja kukaa pangoni peke yake. Alipofariki mwaka 346, kwa tauni, jumuiya zake zilikuwa nyingi kando ya Nile, za wanaume na za wanawake. Hieronimo, yule msomi aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alizitafsiri kanuni zake kwa Kilatini mwaka 404. Kila mnapowaona masista au mabruda wanaishi nyumba moja, wanasali pamoja na kufanya kazi pamoja, mnaona mti uliotokana na sahani zile za Thebe. Waliozileta hatujui majina yao. Hawakumhubiria mtu usiku ule, walileta chakula, na walipoulizwa wakajibu.

Msinielewe vibaya, sisemi wema wa Mungu ni ubinadamu tu wenye jina zuri. Tito 3:4 inasema wema wa Mungu Mwokozi wetu na upendo wake kwa wanadamu vilifunuliwa, na hilo ni tukio: Yesu. Mwana wa Mungu alipokuja alikuja na mikono. Aligusa mwenye ukoma, aliosha miguu. Na yeye mwenyewe alikubali kuhudumiwa. Luka 8 inawataja Yoana mke wa Kuza, Susana na wanawake wengine waliomhudumia kwa mali zao. Alimwomba maji mwanamke Msamaria. Njiani kwenda Golgotha msalaba wake ulibebwa na Simoni wa Kirene, mtu wa pwani ya Afrika kaskazini, aliyelazimishwa na askari wala hakujitolea. Kama Bwana mwenyewe alipitishiwa msaada katika mikono ya watu, sisi ni nani tuukatae kwa sababu haukushuka na radi?

Karibuni tujadili.

Mjoli
Mkuu, nimekusoma, umeandika vizuri. Lakini naona unaelekea kufuta miujiza. Mimi nimeona mtu akiombewa akapona, madaktari walishaandika basi tena. Huyo alipitia mkono gani?

Mwanzisha uzi
Mjoli, sifuti. Nami naamini Mungu huponya bila dawa anapotaka. Ila hebu tusome Matendo 12 pamoja. Malaika anamwamsha Petro, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Muujiza mtupu. Kisha malaika anamwacha barabarani, na Petro anakwenda nyumbani kwa Mariamu mama yake Yohana Marko, anabisha hodi. Mlango huo haufunguki wenyewe. Roda anasikia sauti, kwa furaha anasahau kufungua, anakimbia ndani kuwaambia, nao wanamwambia ana wazimu. Watu waliokuwa wanamwombea Petro atoke! Petro anaendelea kugonga.

Lango la gereza Mungu alilifungua mwenyewe. Mlango wa nyumba ya waumini aliwaachia waumini. Lazaro vivyo hivyo: Bwana alimwita atoke kaburini, sanda akawaambia waliosimama pale wamfungue. Kwa hiyo huyo ndugu aliyepona, namshukuru Mungu pamoja nawe, na ninauliza pia nani alimpokea alipotoka hospitali, nani alimpa kazi.

Pwani Tulivu
Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, huwa napita kusoma tu jukwaa hili. Umenigusa uliposema mkono usioutarajia. Kwetu tuna hadithi ya Mtume, asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Naona tunakutana hapo. Swali langu, nyinyi Wakristo mnakubali kwamba wema wa Mungu unaweza kuwafikieni kupitia kwetu?

Mwanzisha uzi
Wa alaykum salaam ndugu yangu, karibu na ahsante kwa hadithi hiyo.

Tunakubali, na tusipokubali tutakuwa tunabishana na Biblia yetu. Eliya wakati wa njaa hakutumwa kwa mjane wa Israeli. Alitumwa Sarepta, nchi ya Sidoni, kwa watu wasiomwabudu Mungu wake. Na Mungu alimwambia Eliya nimemwagiza mjane huko akulishe, lakini ukimsikiliza yule mama haonyeshi kwamba anajua ameagizwa. Anajua ana konzi ya unga na mafuta kidogo, anataka kuokota kuni, apike yeye na mwanawe wale, kisha wafe. Agizo la Mungu lilimkuta akiokota kuni. Paulo alipovunjikiwa na meli akafika Malta, wenyeji wasiomjua Kristo waliwasha moto wakawapokea wote, maana mvua ilikuwa inanyesha na baridi. Mungu anaangaza jua lake kwa waovu na wema, Mathayo 5:45, sasa kwa nini nishangae akinitumia wewe?

Nikiugua nikahudumiwa na nesi Muislamu kwa moyo safi, sitasema "bahati". Nitamshukuru yeye, nitamshukuru na Mungu.

Mama Jumuiya
Naomba niongeze la wodini. Nilimuuguza wifi yangu hospitali ya rufaa. Kitanda cha jirani alilazwa dada mmoja aliyetoka mbali, ndugu zake hawajafika. Mchana milango ikifunguliwa kila mtu anaingia na hotipoti yake. Yule dada akawa anageukia ukutani mpaka watu wamalize kula. Mama mmoja wa kitanda cha mbele alikuwa amemletea mwanawe ndizi nyama. Alichukua kifuniko cha hotipoti, akapakua, akamwendea: "Dada, huyu wangu hamalizi, nisaidie nisirudi nacho nyumbani." Yule dada akala. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa.

Nilijua yule mtoto angemaliza. Alikuwa kijana mkubwa.

Mwanzisha uzi
Mama, ubarikiwe. Hayo ndiyo matambara ya Ebedmeleki. Chakula angeweza kukipeleka kwa namna ya kumuumiza, wodi nzima ikajua kwamba huyu hana mtu. Yeye akatafuta maneno ya kuweka chini ya kamba. Tunasaidia sana watu kwa kamba tupu, hasa makanisani: mwenye shida anasimamishwa mbele, anapigwa picha na mfuko wa unga, picha inakwenda kwenye kundi la WhatsApp. Ametolewa shimoni, amechunika.

Kinyozi wa Kona
Nitasema ukweli bila kuficha. Hadithi zenu ni tamu, lakini mimi ninao ninaowafahamu ambao hakuna Mkushi aliyefika. Walikufa hivyo hivyo. Mtoto wa dada yangu alihitaji pesa ya upasuaji, tulichangisha, hazikutosha, akafa. Wema wa Mungu ulikwama wapi?

Mwanzisha uzi
Pole sana kaka. Pole kwa dada yako pia. Sitakupa jibu la haraka, na wale wanaotaka kuandika "Bwana ametoa, Bwana ametwaa" hapa chini naomba wasubiri kwanza.

Ninayoweza kusema ni machache. La kwanza, Matendo 12 ile ile ya Petro inaanza na Yakobo ndugu wa Yohana kuuawa kwa upanga. Sura moja, gereza moja la Herode huenda, mmoja anatolewa na malaika, mmoja anakatwa kichwa. Luka haelezi kwa nini. Hasemi Yakobo alipungukiwa imani. Nami siwezi kusema asichosema Luka, wala sitaki mtu mwingine aliseme juu ya mpwa wako.

La pili ni gumu kwetu. Ikiwa Mungu amechagua kupitisha wema mikononi mwa watu, basi upo wema alioutoa ukaishia mikononi mwa watu. Mkate wa mjane umo kabatini kwa mwingine. Basili wa Kaisaria, mwalimu wa Kanisa wa karne ya nne, wakati wa njaa kuu ya Kapadokia (Uturuki ya leo) mwaka 369 hivi, aliwahubiria wenye maghala akiwaambia kwamba kilichozidi kwao ni mali ya wenye njaa, hadi maghala yakafunguliwa, kisha akajenga nje ya mji mahali pa kutunza wagonjwa na maskini. Basili hakuuliza kwa nini Mungu hajaleta chakula. Chakula kilikuwepo, kilikuwa kimefungiwa kufuli. Katika Mathayo 25 wale wa mkono wa kushoto hawashtakiwi kwa wizi wala uzinzi, wanashtakiwa kwa njaa ambayo hawakuilisha. Upasuaji ule ulikosa pesa wakati sisi tunakusanya mamilioni kwa jumamosi moja ya harusi. Hilo lipo juu yetu, nami nimo.

La tatu, hata nikisema hayo yote, bado kuna vifo ambavyo hakuna mkono wa mtu ungevizuia, na hapo nabaki na Kristo msalabani aliyelia "mbona umeniacha". Sina zaidi. Naamini ufufuo, naamini mpwa wako hajapotea mbele za Mungu. Naamini, sijakuonyesha.

Kinyozi wa Kona
Sawa. Angalau hujaniambia tulikosa imani. Wengine walituambia msibani.

Mjoli
Ndugu Kinyozi, pole. Nami niliwahi kusema maneno kama hayo kwa watu. Swali kwa mwanzisha uzi: sasa sadaka? Maana kuna watakaosoma hapa waseme basi tusitoe kanisani, tupelekeane mikononi.

Mwanzisha uzi
Toeni. Ila jueni mnatoa kwa nini. Sadaka ya Paulo katika 2 Wakorintho 8 na 9 ilikuwa mchango wa makanisa kwa watakatifu maskini wa Yerusalemu, na shabaha anaitaja: usawa, wingi wenu uwafae upungufu wao. "Apandaye haba atavuna haba" imeandikwa humo humo, kwenye barua ya kuchangia wenye njaa. Tukiing'oa pale tukaifanya njia ya kununua baraka, tumegeuza mfereji ukarudisha maji kwa mwenye kumimina.

Msafiri wa Mbali
Nimesoma uzi wote, sikutaka kuandika. Mimi ndiye niliye shimoni sasa hivi. Mzazi wangu amelazwa wiki ya tatu, nipo naye peke yangu, nimeishiwa. Kanisani nilisema, tukaombewa, tukarudi nyumbani.

Mwanzisha uzi
Pole sana ndugu yangu, na ahsante kwa kusema. Usiandike hapa jina la mgonjwa wala namba ya simu, matapeli wanasoma humu. Nitumie kwa PM, ujumbe wa faragha, mkoa na hospitali.

Wakati huo huo fanya mawili. Hospitali za rufaa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Kesho asubuhi omba kuonana na afisa ustawi, mweleze hali yako yote, hao ndio wanaopitia maombi ya msamaha wa gharama. La pili, rudi kwa mwenyekiti wa jumuiya yako, usimwambie "mtuombee" peke yake. Mtajie kitu: dawa fulani, bei yake, na kwamba unahitaji mtu wa kulala na mgonjwa usiku mmoja upumzike. Watu wengi hawafiki kwa sababu hawajui washike wapi.

Pwani Tulivu
Kama ni Tanga au Dar nijulisheni, nitafika.

Mama Jumuiya
Msafiri, nami nitumie PM. Andika na mgonjwa anakula nini, maana wengine daktari amewakataza chumvi, wengine wanakunywa uji mwepesi tu. Na kama amelala muda mrefu niambie kama amepata vidonda mgongoni, nije na mashuka laini.